Figo la Profesa Rwekaza

Siku Holo Njile alipokabidhiwa ufunguo wa Mizani, hakuanza na kazi aliyoajiriwa kuifanya. Alifunga mlango wa ofisi, akaketi, akaita jalada la kaka yake.

Lushinge Njile. Mvuna chumvi, Itundwe. Umri: miaka ishirini na tisa. Alama: thelathini na moja kati ya mia. Hali: amefariki.

Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka sita. Wakati ule, kaka yake alipokuwa amelala chini ya shuka akiwa amevimba uso mpaka macho hayafumbuki, Holo aliambiwa kile walichoambiwa watu wote wa Itundwe: mashine imeamua, na mashine haina kabila, haina shemeji, haili rushwa. Tulia, dada. Zika mtu wako.

Mafigo yalioteshwa kwenye maabara ya chuo kikuu, ndani ya matangi ya kioo yaliyopangwa kama mitungi ya maji, na kila figo lilichukua miezi saba kukomaa. Kwa mwaka yalivunwa mia mbili. Waliokuwa wakiyasubiri nchi nzima walikuwa elfu tisa. Ndiyo maana Mizani iliundwa: ilisoma maisha ya mgonjwa, kila sindano na kila siku aliyofika kliniki, kisha ikakisia kama akipewa figo atalitunza au ataliua. Mwenye alama kubwa alipelekewa lake kwa ndege nyuki isiyo na rubani, ndani ya kisanduku cha baridi. Mwenye alama ndogo aliambiwa asubiri.

Wa Itundwe wote walikuwa wanasubiri. Waliishi juu ya ziwa lililokauka, wakivuna chumvi ya betri zilizoendesha magari ya mjini. Mtu alisimama kwenye bwawa la maji ya chumvi toka asubuhi, jua moja juu ya utosi na jingine likimpiga kutoka majini, mpaka mafigo yake yakachemka polepole. Kabla hajafika miaka thelathini, vifundo vya miguu vinaanza kuvimba. Ndege nyuki zilipita juu yao kila wiki kwenda mji wa pili, na hakuna hata moja iliyowahi kushuka.

Malalamiko yalipozidi, chuo kiliunda Kitengo cha Usawa wa Tiba na kumweka Holo kuwa mkaguzi. Alikuwa daktari wa takwimu za magonjwa, na mtu wa kwanza wa Itundwe kusoma kufika huko. Walipompa ufunguo walipigwa picha naye.

"Kwa nini thelathini na moja?" aliiuliza Mizani.

"Mgonjwa ana historia ya kutofuata matibabu," ilijibu kwa sauti yake ya upole, sauti ya mhudumu wa benki. "Siku za kliniki alizokosa ni kumi na tisa. Sababu: hakuna."

Akaita jalada la jirani yao. Sababu: hakuna. La binamu yake. Sababu: hakuna. Akaita majalada ya Itundwe yote, watu mia nne na kumi na wawili, wakamteremkia kwenye kioo kama mvua. Mia nne na kumi na wawili, na hakuna mmoja aliyekuwa na sababu.

"Umejifunza wapi kwamba watu hawa hawafuati dawa?"

"Utafiti wa Itundwe. Mtafiti mkuu, Profesa Rwekaza Byabato."

Utafiti huo Holo aliufahamu. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na miwili, ndiye aliyetembea nyumba kwa nyumba na madaftari ya Profesa, kwa kuwa mtandao haukufika huko. Na alikumbuka vizuri kwamba kulikuwa na safu ya sababu. Aliijaza yeye.

Alishuka kwenye ghala la nyaraka. Ilimchukua siku mbili kuyapata madaftari, kwenye maboksi yaliyoliwa pembe na mende, na alipofungua la kwanza aliona mwandiko wake wa usichana, herufi za duara zenye kujipendekeza. *Gari la kliniki halikuja. Gari halikuja, wiki ya tatu mfululizo. Msimamizi wa bwawa amemnyima ruhusa. Nesi anaumwa, kliniki imefungwa.* Na kwenye ukurasa wa kaka yake: *Amekwenda, amekuta mlango umefungwa, amerudi kwa miguu.*

Mara kumi na tisa alikuwa amekwenda. Mara kumi na tisa Holo alikuwa ameandika.

Baina ya madaftari yale na Mizani, mtu aliichukua safu ile na kuifuta. Kumbukumbu za mfumo zilikuwa na jina moja tu lenye idhini ya kufanya hivyo, na jina hilo ndilo lililotia saini barua iliyompatia Holo ufadhili wa kusoma.

Jopo la maadili lingekaa baada ya wiki tatu. Mkaguzi mwema angeyafunga madaftari kwa kamba, akaandika ripoti, akasubiri. Lakini Holo alipanda ofisini, akaandika jina la Profesa kwenye Mizani ili aone anwani yake, na Mizani ikamletea kitu ambacho hakukitafuta.

Rwekaza Byabato. Mhadhiri mstaafu. Umri: sitini na nane. Anasubiri figo. Alama: themanini na nane. Nafasi kwenye orodha ya aina yake ya damu: ya kwanza.

Alisoma mara mbili. Kisha akateremka kwenye mahudhurio. Profesa alikuwa amekosa kliniki mara kumi na moja kwa mwaka mmoja, na kila pengo lilikuwa limezibwa vizuri: *udhuru wa kikazi, mkutano ng'ambo; udhuru wa kikazi, mhadhara; udhuru wa kikazi.* Yeye alikuwa na sababu.

Holo hakuandika uongo wowote. Hilo alijiambia siku ile, na siku nyingi zilizofuata. Hakugusa umri wala damu wala moyo wa yule mzee. Alifanya lile tu ambalo mzee mwenyewe aliwafanyia watu mia nne na kumi na wawili: aliishika safu ya sababu, kwa mgonjwa mmoja, akaifuta.

Mizani ilifikiri kidogo.

"Alama mpya," ikasema. "Thelathini na nne."

"Asante," Holo akajibu. Alishangaa alivyojisikia vizuri. Aliteremka kantini akala wali maharage sahani nzima.

Siku ya nne, figo lililolingana na damu ya Profesa lilivunwa. Holo alisimama nyuma ya kioo cha maabara akitazama mafundi wakilitia kwenye kisanduku. Lilikuwa dogo, la rangi ya maini, linang'aa. Mizani iliwapima watu watatu, ikamruka Profesa, na ndege nyuki ikaondoka kumpelekea mwenye hoteli mmoja wa mjini ambaye Holo hakuwahi kumsikia. Aliitazama mpaka ikapotea.

Ijumaa iliyofuata alisafiri kwenda Itundwe kumwambia mama yake.

Mama Ng'washi alikuwa uani akichambua mchicha. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye tangu amzike Lushinge hakuvaa tena rangi yoyote ila nyeusi. Holo alimwamkia, akakaa kwenye kigoda, akamweleza yote kuanzia madaftari hadi ndege nyuki. Alipomaliza, mama akauliza kitu kimoja.

"Amejua?"

"Amejua nini, Mayu?"

"Kwamba ni wewe. Kwamba ni kwa ajili ya Lushinge."

"Hapana. Ataona tu hajapata."

Mama Ng'washi akaweka ungo chini. "Sasa umemfanya nini? Mzee ana figo bovu, anakufa kwa figo bovu. Hivyo hufa watu wote hapa. Watamwimbia, watamzika, watasema Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Kisasi asichokijua mwenyewe ni ugonjwa tu, mwanangu." Akauchukua tena mchicha wake. "Na hilo figo, limekuja kwetu?"

"Hapana. Limekwenda kwa mtu wa mjini."

"Eeh," mama akasema.

Kabla ya kurudi, Holo alipita zahanati. Nesi Tabu, aliyekuwa ameishi Itundwe miaka ishirini na kuzika wagonjwa wengi kuliko aliowaponya, alikuwa akimfungia drip msichana mmoja aitwaye Kabula. Hakuwa na miaka ishirini na mitano, na miguu yake ilikuwa imevimba kama magogo.

"Dokta, mashine yenu imeshatengenezwa?" Nesi aliuliza bila kugeuka. "Huyu ana wiki tano. Nikijitahidi sana, sita."

"Bado kidogo," Holo akasema, na njia nzima aliliwaza jibu hilo. Siku zote hizo alikuwa na ufunguo mkononi, na jalada pekee aliloligusa ni la mtu mmoja.

Siku ya tisa alikwenda nyumbani kwa Profesa, saa nne asubuhi. Mzee alikuwa ameketi barazani, mkono wa kushoto umefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu iliyokuwa ikiguruma polepole kando yake. Ngozi yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Juu ya goti aliweka kitabu kilichofungwa.

Miaka yote Holo alimwamkia huyu mtu akiwa ameinama. Siku hiyo alipanda ngazi, akavuta kiti, akaketi bila shikamoo.

Profesa Rwekaza aliisubiri ile shikamoo kwa muda mfupi, akaona haiji, akatabasamu.

"Nilidhani utakuja mapema zaidi," alisema. "Niliona alama siku ileile. Themanini na nane mpaka thelathini na nne, kwa asubuhi moja. Nikajiuliza nani. Mtu mwingine angenizulia ugonjwa wa moyo, au angeniongezea miaka. Huyu amefuta safu moja tu. Nikasema, basi ni binti yangu Holo, ameyapata madaftari."

"Mimi si binti yako."

"Sawa."

"Kwa nini uliifuta?"

Mzee aliitazama damu yake ikizunguka kwenye mrija. "Ungependa nikwambie nilihongwa, au niliwachukia watu wenu. Haikuwa hivyo. Safu ile ilikuwa maandishi ya mkono, na mashine za wakati ule hazikuweza kuusoma mwandiko wako. Kuingiza sababu zote kwa mkono kulihitaji miezi minane. Wafadhili walitaka matokeo kabla ya mwaka kwisha. Nikaona ni mambo madogo madogo, gari halikuja, mlango umefungwa. Nikaifuta, pakabaki wazi. Mizani ikapasoma pale palipo wazi kuwa ni uzembe."

"Na ulipojua?"

"Nilijua baada ya miaka mitatu. Nilichora mchoro wa mhadhara, nikaona Itundwe wote wako chini, wamelala kama samaki kwenye karai." Akakigeuza kitabu gotini. "Nikauondoa mchoro kwenye mhadhara."

"Kaka yangu alikufa mwaka wa nne."

"Najua una kaka aliyekufa. Nilileta rambirambi."

Kweli alileta. Holo alikumbuka ile bahasha, na barua iliyoandikwa vizuri. Alitamani kuinuka na kuung'oa ule mrija.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema. "Sasa unajua uchungu wake. Figo lako limeshapita. Na lijalo litapita."

"Ndiyo."

"Hukukata rufaa. Ungepiga simu moja tu, wangekurudishia alama zako."

Hapo Profesa akamtazama kwa mara ya kwanza machoni, na Holo akaona ndani ya macho yale kitu kilichomtia baridi: mzee alikuwa ametulia. Alikuwa ameridhika.

"Rufaa ingefungua jalada langu," alisema. "Wangeuliza safu imefutwa vipi, na aliyefuta amejifunza wapi kufuta. Wangefika kwenye madaftari. Mwezi ujao wanazindua jengo jipya la figo, na juu ya mlango wameandika jina langu. Ukiniacha hivi nitakufa kabla ya jopo kumaliza vikao vyake, na marehemu haitwi kujibu. Watu wetu hawamsemi vibaya maiti. Wewe mwenyewe hutayatoa tena madaftari, maana watakuta ulichokifanya." Alivuta pumzi, akachoka. "Nimekubali, Holo. Nimekubali kufa nikiwa profesa. Umenifanyia wema ambao sikuustahili."

Mashine iliguruma. Ndani ya nyumba mtu alikuwa akiosha vyombo.

Holo alibaki ameketi, na ule utamu wote wa siku tisa ukageuka shubiri mdomoni. Alikuja kumkaba koo huyu mzee, kumbe mikono yake ilikuwa inamfunika shuka. Akawaza jengo lenye jina. Akamwaza Kabula na wiki zake tano, ambazo sasa zilikuwa nne. Akamwaza mama yake akichambua mchicha: *amejua?* Alijua. Alijua, na alifurahi.

"Hutakufa," alimwambia. "Nikuhakikishie hilo, Profesa. Mimi nitakuwa wa mwisho kukuacha ufe."

Uso wa mzee ulibadilika. "Usifanye ujinga. Utapoteza kila kitu."

"Kunywa dawa zako," Holo akasema, akateremka ngazi.

Saa sita mchana ile alikuwa ofisini. Kwanza aliirudisha safu ya Profesa kama alivyoikuta. Themanini na nane. Kisha akaandika barua kwa jopo la maadili, kurasa tatu. Ya kwanza ilieleza alichokifanya Profesa Rwekaza Byabato kwa watu mia nne na kumi na wawili. Ya pili ilieleza alichokifanya Holo Njile kwa Profesa Rwekaza Byabato, tarehe na saa, na figo lililopita kwa sababu hiyo. Ya tatu ilikuwa ombi moja: kikao kisifanyike chuoni, kifanyike Itundwe. Aliambatisha picha za madaftari, akatuma, kabla moyo haujampa ushauri mwingine.

Hawakumsimamisha siku hiyohiyo. Walihitaji mtu wa kuusoma mwandiko wake. Kwa siku kumi na sita, akiwa na mlinzi mlangoni, Holo aliwasomea makarani safu ya sababu kutoka daftari la kwanza hadi la mwisho, na wao wakaandika. Alipofika kwa Lushinge aliomba maji, akanywa, akasoma mara kumi na tisa. Siku ya kumi na saba Mizani ilipewa safu yake, ikawapima upya wagonjwa wote wa Itundwe. Alama za Itundwe zilianza kupanda, sitini, sabini na tatu, themanini na moja, na karani mmoja akajifunika uso kwa mikono.

Wengi wa waliopanda walikuwa wamekwisha kufa. Mia mbili na sitini na saba.

Kabula alikuwa hai. Ndege nyuki ilipotua mbele ya zahanati, Nesi Tabu alikitazama kisanduku kwa muda mrefu kabla ya kukigusa, kana kwamba kingeweza kusema kimekosea njia. Wiki hiyohiyo figo la pili lililolingana na Profesa lilikomaa. Angeweza kulikataa. Ni karatasi moja tu, na sahihi. Lakini kufa kwa maneno ni rahisi mpaka kisanduku kifike mlangoni. Mzee alinyoosha mkono wake, akachomwa sindano ya usingizi, akalichukua.

Jopo lilikaa Itundwe miezi mitatu baadaye, ndani ya bohari la chumvi la ushirika, kwa kuwa hapakuwa na ukumbi mwingine uliotosha. Walianza na Holo. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye miwani ya kamba aliyesema kwa upole, alimuuliza swali moja.

"Kama yule mzee angekufa katika siku zile tisa?"

"Ndivyo nilivyotaka," Holo akajibu.

Walimfutia leseni. Hangeshika tena jalada la mgonjwa maisha yake yote. Alivua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani, akaenda kuketi nyuma pamoja na watu wa kwao. Hakuna aliyemsemesha, ila Nesi Tabu alimsogezea nafasi kwenye benchi.

Kisha akaitwa Profesa Rwekaza. Alitembea bila fimbo. Ngozi yake ilikuwa imerudi rangi, mashavu yamejaa, na watu wa Itundwe walimtazama jinsi figo linavyompendeza mtu. Alisoma maelezo yaliyoandikwa na wakili. Alisikitika. Alijutia mapungufu ya kimbinu. Jina lake lilikuwa limekwisha kushushwa kutoka juu ya mlango wa jengo.

"Kuna mwenye swali?" mwenyekiti aliuliza.

Mama Ng'washi alisimama, amevaa nyeusi toka kichwani hadi miguuni, akaenda mpaka mbele ya meza.

"Mimi nina mtoto wangu hapo kwenye hesabu yako," alisema. "Anaitwa nani?"

Profesa alimwangalia, akaangalia karatasi zake, akamtafuta Holo kwa macho. Holo hakumsaidia. Alimfundisha Holo miaka minne, alileta rambirambi mpaka mlangoni, na jina hakuwa nalo.

"Mshiriki..." alianza. "Mama, washiriki tuliwapa namba."

"Sikukuuliza namba. Lushinge. Sema."

"Rushinge."

"Lushinge."

"Lu... Lushinge."

"Lushinge Njile. Alikwenda kliniki yako kwa miguu mara kumi na tisa. Sema."

Akasema. Sauti yake ilikatika katikati, akarudia kutoka mwanzo, maana mama alikuwa bado amesimama. Alipomaliza Mama Ng'washi aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo na kukuta umetimia, akasogea pembeni.

Hapo ndipo Holo alipoona kwamba nyuma ya mama yake alikuwa amesimama mtu mwingine, mzee asiye na meno aliyeishika kofia yake kifuani. Nyuma ya mzee, mwanamke na watoto wawili. Foleni ilikuwa imejiunga kimya kimya, ikapita baina ya magunia, ikatoka nje ya mlango wa bohari mpaka kwenye jua kali la bwawani.

Mwenyekiti aliinamia saa yake. "Ndugu zangu, naomba tuelewane, hatutaweza kuwasikiliza..."

"Tutaweza," Mama Ng'washi akasema.

Wakili akamnong'oneza Profesa kitu. Mzee akaangalia mlango, akaangalia watu walioujaza, akakaa vizuri kwenye kiti chake. Alikuwa na afya. Daktari wake alikuwa amempa miaka ishirini.

Mzee asiye na meno alisogea mezani, akalitamka jina la mkewe kwa sauti ndogo sana.

"Samahani, baba," Profesa alisema. "Sikusikia. Rudia tafadhali."

"Nitarudia," mzee akasema. "Sina pa kwenda."